Kumfuata nyegere: kutoka Mutukula hadi Nebbi

Safari hii nimeiandika baada ya kurudi Tabora, kwa msaada wa daftari langu la nyuki na picha za simu. Mimi ni mfuga nyuki. Huku kwetu watu wa mjini humcheka nyegere kwa zile hadithi za wivu wake, na wenye mizinga humtegea mitego kwa sababu huivunja mizinga yao. Miaka michache iliyopita, kwenye mafunzo ya ufugaji nyuki Arusha, nilikaa meza moja na mzee wa Nebbi, kaskazini magharibi mwa Uganda. Alituambia kwamba kwake hajaua nyegere muda mrefu na asali anavuna kama kawaida. Tulimbishia sana. Akasema, "Njooni muone." Januari nikaenda.

Jumatatu. Mutukula hadi Kampala

Tabora hadi Bukoba nairuka, ni barabara ambayo wengi wenu mnaijua. Mpaka wa Mutukula hauna shida ukiwa na pasipoti au hati ya safari ya muda, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hiyo kadi mimi niliulizwa kabla ya kitu kingine chochote. Viza hatuhitaji. Pesa badilisha kidogo tu pale, ya kukufikisha Kampala.

Takisi (wenzetu ndivyo wanavyoziita daladala) ilinitoza shilingi za Uganda 40,000 hadi Kampala. Tulisimama Lukaya, wachuuzi wakalizingira gari na mishikaki ya kuku na gonja za kuchoma, zile ndizi tamu zilizoiva. Kula hapo, ukipita utajuta. Kilichobaki cha siku hiyo ni foleni ya Busega na usingizi.

Jumanne. Kampala, Bombo, Masindi

Kabla ya kupanda basi la Masindi nilipitia Bombo, mwendo mfupi kaskazini mwa Kampala. Jirani yangu wa Tabora ana ndugu zake huko, Wanubi, wajukuu wa askari wa Sudan aliowachukua Lugard, ofisa Mwingereza, mwaka 1891. Mama wa nyumba alinipokea kwa chai na kisra, mkate wao mwembamba, akanifungia nyingine ya njiani, na alipojua ninakwenda kumtafuta nyegere akamwita mumewe kutoka uani aje amwone Mtanzania huyu.

Kuhusu lugha: Bombo Kiswahili kinatiririka, na ukishavuka Nile kuelekea Nebbi na Arua utajisikia nyumbani. Kampala na vijiji vya Buganda ni tofauti. Kwa miaka mingi watu wa huko walikisikia Kiswahili midomoni mwa wanajeshi, na wazee wengine bado wana kumbukumbu mbaya. Anza na salamu ya Kiganda, hata kama ni neno moja, kisha omba kuendelea kwa Kiswahili. Mimi sikukataliwa hata mara moja.

Basi liliharibika mbele ya Luweero. Tukakaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu hivi, juani. Dada mmoja muuza mananasi alituita chini ya turubai lake, akakata mananasi mawili akayagawa bure kwa watoto na wazee. Sisi wengine tukanunua yaliyobaki kwa shilingi 2,000 moja.

Chini ya turubai lile ndipo hadithi zilipoanza. Kijana mfanyabiashara ya mkaa aliniambia, "Ssebo, huyo mnyama mwogope. Akikuona na mke wake, anakwenda moja kwa moja kwenye sehemu zako za kiume." Watu wakaguna kukubali. Ni hadithi ileile ya kwetu, na nimeshachoka nayo, kwa sababu nyegere wenyewe hawaishi hivyo. Colleen na Keith Begg, watafiti waliowafuata nyegere jangwani Kalahari mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuta kwamba dume huzunguka eneo la wastani wa kilomita za mraba zaidi ya 500, wakati jike ana kama 126. Maeneo ya madume yanapandana, na eneo la dume mmoja linapita juu ya maeneo ya majike kadhaa. Dume hukaa na jike siku chache za kupandana tu, kisha huondoka. Halindi mke wala halei mtoto. Nikawaeleza hivyo. Kijana akauliza, "Sasa mtoto analelewa na nani?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Analelewa na mama peke yake. Mimba huchukua kama wiki 7 hadi 10, na kwa kawaida huzaliwa mtoto mmoja. Mama humhamisha kutoka shimo hadi shimo kila baada ya siku chache, akimbeba kwa mdomo, na humlea kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, hadi miezi 16. Mtoto hufikia karibu ukubwa wa mama yake angali anamfuata nyuma, ndiyo maana watu wakiwaona wawili hudhani ni mume na mke. Ukimnasa jike mmoja kwenye mtego wa mzingani, mara nyingi umeua wawili, na pengo hilo halizibiki upesi kama la panya au sungura.

Fundi alifika, tukaondoka. Migyera tulinunua muchomo, yaani nyama choma, dirishani. Masindi tuliingia usiku. Chumba 40,000, maji ya moto kwa ndoo.

Jumatano. Masindi hadi Paraa

Masindi niliungana na vijana wawili kutoka Bunia, Kongo, waliokuwa wakienda Arua, tukakodi gari moja lenye dereva la kutuvusha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls hadi Pakwach, pamoja na kulala usiku mmoja. Kila mtu alitoa 250,000, mafuta yakiwemo. Mimi sikupata basi la kupita katikati ya hifadhi. Usipotaka kuingia, pitia Karuma kwa lami hadi Pakwach kwa nauli ndogo sana. Kiingilio raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, chini sana kuliko wageni wa mbali, na tiketi ni ya saa 24 tangu uingie. Panga muda wako kufuatana na hilo, na uende na kitambulisho, vinginevyo utahesabiwa mgeni wa mbali.

Mbung'o wa upande wa kusini wa Nile wanauma hasa. Usivae bluu iliyokolea wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta.

Maporomoko tuliyaona mchana: karibu Nile yote inajibana kwenye ufa wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Picha zake ziko kila mahali. Vivuko vya zamani vya Paraa havina kazi tena kwa magari, sasa kuna daraja.

Jioni, kambini, nilimweleza askari wa hifadhi ninachotafuta. Alikuwa Mualur, anaongea Kiswahili cha kujiamini. Akasema wageni huulizia simba, chui na tembo, nyegere haulizwi kabisa. Akachukua tochi, akanipeleka hatua chache nyuma ya jiko, palipokuwa na vumbi laini. "Hesabu vidole." Vilikuwa vitano, na mbele ya kila kidole, mbali kidogo, palikuwa na tundu la kucha. Fisi na bweha huacha vidole vinne. Paka wa porini pia huacha vinne, tena kucha huzificha. Nyegere huacha vitano, na kucha zake za mbele hufikia sentimita 4, zana ya kuchimbia kabla ya kuwa silaha. Usiku ule alikuja kunusa mapipa ya takataka.

Alinionyesha pia kichuguu kilichochimbwa ubavuni. Shimo lile, alisema, lilikuwa la muhanga, na nyegere akalirithi. Huchimba mwenyewe akitaka, ila hapendi kupoteza nguvu penye nyumba tupu.

Alhamisi. Upande wa kaskazini

Tulivuka daraja alfajiri pamoja na askari yule. Upande huu ni nyasi, twiga, na mivumo iliyosimama mmojammoja hadi Ziwa Albert. Kulipopambazuka alimgusa dereva begani.

Nyegere alikuwa mita 60 hivi kutoka barabarani. Mgongo mweupe wa kijivu kuanzia utosini hadi mkiani, chini yote mweusi, na mahali rangi hizo zinapokutana pana ukanda mweupe zaidi. Mdogo kuliko nilivyomfikiria. Dume hufika kilo 9 hadi 16, jike kilo 5 hadi 10, na huyu sidhani kama alizidi 10. Alikuwa anakwenda mbio ndogondogo, pua chini, akikata kulia na kushoto bila kuinua kichwa. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akakwangua, akaondoka.

Kisha akapata kitu. Akaanza kuchimba kwa miguu ya mbele, udongo ukiruka nyuma kati ya miguu yake, hadi mabega yakazama. Akatoka, akazunguka, akachimba upande wa pili wa shimo lilelile, akarudi wa kwanza. Askari alininong'oneza niangalie juu ya kichaka. Palikuwa na mwewe wa kijivu, kimya, kichwa amekielekeza chini. Panya akitokea mlango wa nyuma, ni wa mwewe. Kalahari wamewaona mwewe wa namna hiyo na bweha wakimfuata nyegere kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo. Kwake wao hawana faida yoyote, huwaacha tu wamfuate.

Asubuhi ile mwewe hakupata kitu. Nyegere alitoka na panya mdomoni, akamla palepale kwa kutafuna mara chache, akaendelea. Alipotusikia aligeuka, mkia juu kama brashi ya chupa, akatoa sauti ya kukoroma iliyonifanya nivute mkono wangu ndani ya dirisha. Akatutazama, akaona hatuna jambo, akapotea nyasini.

Nilikuwa na maswali mengi na askari aliyajibu kwa subira. Ngozi yake shingoni ina unene wa karibu milimita 6, na imelegea kiasi kwamba ukimshika kisogoni anaweza kujigeuza ndani yake akakuuma. Hula nge, mijusi, mayai, matunda, kobe, na nyoka wa kila aina. Nyoka ndio walionishangaza. Hula kifutu na swila, na hufanya hivyo akiwa na kinga mwilini: mahali ambapo sumu ya swila hushika kwenye misuli, kwake pamebadilika, sumu haishiki sawasawa. Nguchiro, kalunguyeye na nguruwe nao wana mabadiliko ya namna hiyo, kila mmoja aliyapata kwa njia yake. Kuna nyegere wa Kalahari aliyepigwa picha za video akiumwa na kifutu, akaanguka na kulala kama mfu, kisha akaamka na kummalizia nyoka wake.

Lakini askari alisisitiza jambo ambalo wapenda sifa hulisahau. Simba humuua. Chui humuua. Ujasiri wake ni wa mnyama mdogo asiyeweza kukimbia kwa kasi, mwenye njia moja tu ya kuokoka, kumfanya adui aone kwamba chakula hiki kina gharama.

Mchana tulitoka lango la Tangi, na tiketi ilikuwa imebakiza dakika 40 tu.

Ijumaa. Pakwach hadi Nebbi

Pakwach kula angara, samaki mwembamba wa Nile, mkavu au wa kukaanga, na ugali wa muhogo. Nililipa 8,000 na nikashiba hadi usiku. Takisi ya Nebbi haiondoki mpaka ijae, na kujaa kunaweza kuchukua saa mbili. Mwenye haraka alipie viti viwili. Bodaboda aliyenipeleka kutoka Nebbi mjini hadi kwa mzee alipotea njia, tukatembea naye mlima mzima akisukuma pikipiki, na alipofika alikataa nyongeza. Alisema bei tulipatana.

Jumamosi na Jumapili. Kwa mzee

Mzee ana mizinga kama 30, mchanganyiko wa magogo na ya mbao yenye viunzi vya juu. Aliniambia nisiulize kitu kabla ya kuzunguka shamba lote. Nilifanya hivyo.

Pale mwanzoni, kando ya kijito, ameacha makusudi mzinga mmoja wa zamani kama ulivyokutwa. Ulikuwa juu ya panda za mti, kimo cha goti. Umepasuliwa kwa urefu. Alama za kucha zimeingia kwenye mbao kama za patasi. "Ona alichokula," akasema. Masega ya asali yalibaki nusu. Yaliyosafishwa kabisa ni yale ya majana, yaani watoto wa nyuki. Nyegere anapenda asali, lakini anachokifuata zaidi ni majana, maana ndiyo nyama ya mzingani. Na Kalahari, ambako nyuki ni wa shida, huishi kwa panya, mijusi na nyoka mwaka mzima. Mzinga kwake ni karamu anayoikuta njiani, na akiikosa hafi njaa.

Huo ndio msingi wa kazi yote ya mzee. Hajaribu kumfukuza nyegere. Anaifanya karamu iwe ya taabu kuliko panya.

Kila mzinga wa mbao unaning'inia kwa waya kati ya nguzo mbili, sehemu yake ya chini ikiwa mita moja na robo kutoka ardhini, mbali na shina au jiwe lolote la kupandia. Kila nguzo imefungwa bati laini, upana wa nusu mita, kwa sababu nyegere hupanda mti vizuri, ila kucha haziwezi kushika bati. Mizinga ya magogo iko kwenye miti iliyonyooka, nayo mashina yake yamevikwa bati. Miti iliyoinama ameiacha yote. Waya hupaka grisi chafu ya gereji kuzuia siafu, na majani ya chini hufyeka ili wasijenge daraja. Afrika Kusini nako wafuga nyuki wengi huinua mizinga yao na kuifunga kwa mikanda kwa ajili ya nyegere, na baadhi yao wameuza asali yenye alama ya kuonyesha kwamba hakuna nyegere aliyeuawa.

Nikamuuliza lile la hewa chafu, kwamba nyegere hugeuza makalio mzingani na nyuki wote huzimia. Kwetu kila mrina asali analisema. Mzee alicheka taratibu. Kifuko cha harufu anacho, na kwa hofu hukitumia, kama kicheche ambaye ni ndugu yake wa ukoo mmoja na fisi maji. Kuweka alama za njia pia hukitumia. Lakini nyuki anaowajua yeye huuma mpaka mwisho, na mjomba wake aliwahi kukuta nyegere amekufa ndani ya mzinga wa gogo, uso umevimba kwa miiba. Ngozi humsaidia, haimwokoi daima.

Jioni mlembe aliita kwenye mkuyu nyuma ya nyumba, na mzee akanyamaza kumsikiliza. Ndege huyu huwaongoza watu kwenye nyuki, hilo halina shaka. Kwa Waborana wa Kenya lilipimwa na kuandikwa mwaka 1989, na kule Niassa, Msumbiji, utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba mlio maalumu wa warina asali wa Kiyao hupandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Je, anamwongoza nyegere pia? Mwaka 2023 watafiti waliwauliza warina asali wa nchi tisa za Afrika. Wengi walisema hapana, lakini Wahadzabe wengi wa kwetu Tanzania walisema wamewaona. Mzee yuko upande wa wanaosema hapana: "Nyegere haangalii juu." Mimi nawaamini Wahadzabe. Tulibishana hadi taa ikaisha mafuta.

Jumapili asubuhi mjukuu wake alikuja mbio. Bati la nguzo ya mzinga wa saba lilikuwa na mikwaruzo mipya, mirefu, kuanzia chini hadi nusu. Chini ya mzinga ardhi ilikuwa imechimbwa mashimo matatu ya duara, na kando yake manyoya ya panya. Mzinga ulikuwa salama, nyuki wanatoka na kuingia. Nilipima nyayo kwa kidole changu, nikapiga picha, nikahesabu vidole. Vitano.

Mzee alisema jirani yake mmoja hapo zamani aliweka dawa ya mifugo kwenye nyama. Mbwa wawili wakafa, na tai waliowala mbwa wakafa, na nyegere akaja wiki iliyofuata kama kawaida. Bei aliyonipa: bati moja kama 40,000, linakatwa kutosha nguzo sita, waya kilo moja mizinga minne. Mzinga mmoja uliovunjwa ni hasara ya zaidi ya hapo ukiuza asali yenyewe kwa lita.

Kurudi

Nebbi hadi Kampala kuna basi la usiku la moja kwa moja, 60,000. Chukua kiti cha katikati, matuta ni mengi. Atakayepita kwa wafuga nyuki wa huko awapelekee kofia za wavu, wanazinunua ghali. Na Kiswahili kitamfikisha kila nyumba.

Mizinga yangu ya Sikonge kumi na moja iko kwenye miombo iliyoinama. Nimeshanunua bati mbili na waya, na kijana ninayefanya naye kazi nimemwambia ile mitego mitatu aifukue ailete nyumbani. Tutaihamisha mizinga kabla ya mavuno ya Juni, usiku, miwili miwili.